Mwasho wa Jumatatu

Naibu alikuwa akikimbia na rula. Si rula ya plastiki ya watoto, bali ile ya mbao, ya futi moja, yenye madoa ya wino wa miaka mingi. Aliichomeka nyuma, kwenye kiuno cha suruali yake ya trakisuti, kama polisi achomekavyo kirungu. Watoto waliokuwa wakitangulia shuleni walipomwona akitokea kwenye ukungu wa barabara ya Suam, walijitupa kwenye mahindi ya watu. Walidhani anakuja kuwachapa. Hawakujua kwamba rula ile ilikuwa ya mgongo wake mwenyewe.

"Mtu hujikuna ajipatapo," aliniambia siku nilipothubutu kumuuliza. "Na mimi hapa katikati sijipati, mwarimu. Sasa nifanye nini, nijikune na ukuta wa posho mill?"

Hilo la ukuta nalo nilikuja kuliona kwa macho yangu, lakini nisikimbilie huko.

Nilimjua kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule yetu ya msingi, nje kidogo ya Kitale, nami nilikuwa mwalimu mgeni wa darasa la tatu niliyepewa nyumba iliyopakana na yake. Walimu wakuu watatu walikuja wakaenda mbele ya macho yangu. Yeye akabaki Naibu. Wazazi walimwita Madam Naibu, mchungaji alimwita Madam Naibu, na muuza mboga pale langoni alimwita Madam Naibu huku akimwongezea nyanya bila kuombwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa mali ya karatasi za serikali.

Alitoka upande wa Chwele, na ulimi wake haukuona sababu ya kuzitenga L na R. Asubuhi moja aliwatangazia watoto gwarideni kwamba kila mmoja aje kesho na karamu mbili. Kesho yake mzazi mmoja akafika ofisini, kofia mkononi, kuuliza kama hiyo karamu ni ya kuku ama hata maharagwe yatakubaliwa. Sote tulicheka mpaka tukashika meza. Naibu hakucheka. Alimtazama yule baba, akamwambia, "Wewe umesikia vizuri kabisa. Ni kuandika tu ndiyo hujui."

Alichukia masengenyo, na hakuna jambo lililotokea kati ya langoni kwetu na mjini ambalo hakulijua. Ukimwambia hayo mawili hayaendi pamoja, alikujibu, "Mimi sisengenyi. Natoa ripoti." Aliwafukuza walimu waliochelewa kwa dakika tano, kisha kwenye ibada ya Alhamisi jioni yeye mwenyewe aliingia kanisani wakati wa wimbo wa tatu, ametulia, mkoba kwapani, kana kwamba ibada ilikuwa ikimngoja. Na aliamini kwamba hakuna ugonjwa usioponywa na mambo mawili: kutembea na kuambiwa ukweli. Watoto aliwapa yote mawili kwa wingi.

Hayo mazoezi aliyaanza baada ya nesi wa kliniki kumwambia kwamba presha yake imepanda. Nesi alimshauri atembee kidogo jioni. Naibu hakuwahi kufanya jambo kidogo. Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo alikuwa akigonga dirisha langu kwa ile rula.

"Mwarimu! Amka. Tunakimbia."

"Tunakimbia wapi, Madam?"

"Mbele."

Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa. Njia yetu ilikuwa moja: kutoka langoni, kupita mashamba ya mahindi ya mbegu, mpaka kwenye posho mill, ile mashine ya kusagia mahindi, kisha kurudi. Naibu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mpana, mwenye miguu mifupi yenye nguvu. Alifunga leso juu ya trakisuti kwa ajili ya heshima, na alikimbia akizungumza. Mimi niliyekuwa nusu ya umri wake na theluthi ya uzito wake nilikimbia nikihema.

Wiki ya pili tu ndipo mwasho ulipoanza. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia. Akasimama ghafla, akajishika mapaja.

"Mwarimu, kuna siafu ndani ya hii nguo."

Tuliingia kwenye mahindi, tukaikagua ile nguo mpaka kwenye pindo. Hakukuwa na siafu. Lakini mapajani na tumboni palikuwa pameinuka vinundu, vingine vimeshikana vikawa mabaka makubwa kama ramani ya nchi nisiyoijua, na ngozi yake ilikuwa ya moto. Alijikuna kwa mikono miwili kama mtu aliyeangukia upupu. Baada ya kama saa moja, alipokwisha kuoga na kukaa, vyote vilikuwa vimeondoka, ngozi laini kama haikuwahi kutokewa na lolote.

Basi zikaanza dawa. Kila mtu ofisini alikuwa na yake. Mwalimu wa michezo alisema ni mafuta ya mwili yanayeyuka, avumilie. Naibu akamwambia kama ni hivyo, yeye angekuwa amekwisha kuyeyuka akabaki sahani. Mwalimu wa sayansi alisema ni nailoni ya hiyo trakisuti ya mtumba, basi Naibu akanunua fulana za pamba. Mke wa mchungaji alisema ni sabuni inayobaki kwenye nguo, basi zikasuuzwa mara tatu. Muuza mboga alimletea majani ya kuchemsha na kuogea. Na jirani mmoja mfugaji akamshauri ajipake mafuta ya kukamulia ng'ombe, ile mikebe ya kijani, kwamba ngozi yake imekauka kwa baridi ya Kitale. Alijipaka kuanzia shingo hadi kisigino. Asubuhi hiyo ndama wawili waliokata kamba walitufuata kutoka posho mill hadi langoni, na Naibu aliniapisha nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Nilitoa ripoti.

La ajabu ni kwamba kila dawa ilifanya kazi. Ilianza Jumatatu, ikashindwa. Jumanne ikashindwa, ingawa si sana. Jumatano Naibu alikimbia mpaka posho mill na kurudi bila kujikuna hata mara moja, akaingia ofisini akitangaza ushindi. Alhamisi na Ijumaa vilevile. Jumatatu iliyofuata, mwasho ukamkamata tena pale pale penye mashamba, safari hii vibaya hata akaacha rula, akaenda kujisugua mgongo kwenye kona ya posho mill huku mwenye mashine akimtazama mdomo wazi.

"Usiangalie," Naibu alimwambia. "Saga."

Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo, na wa pili ukaingia. Tuliuita mwasho wa Jumatatu. Walimu vijana walisema mwili wa Naibu una aleji ya kuanza kazi, kama miili yetu sote, ila wake ni mkweli zaidi. Mimi nilijiona mwerevu kuliko wao, maana nilijua alikotoka kila Jumapili jioni. Alitoka Bungoma.

Mumewe aliishi huko, nyumbani kwao nje kidogo ya mji. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyestaafu kazi ya upishi katika chuo kimoja cha serikali. Tulimwita Mzee tu. Kila Ijumaa jioni Naibu alishuka Bungoma, na kila Jumapili alirudi. Kwa hiyo mimi nikawa na nadharia yangu: kitu kiko Bungoma. Joto, maji, ama kitanda.

Nadharia ya kitanda nilifanya kosa la kuitaja, na Naibu akafanya kosa la kuibeba nyumbani. Mzee aliumia. Alilichukua godoro, akalianika juani siku nzima, akamwagia kitanda maji ya moto, akapiga dawa hata kwenye fremu ya dirisha. Wiki iliyofuata Naibu alirudi na ujumbe kwangu: "Mzee amesema, mwambie mwarimu nyumba yangu haina kunguni, na aje alale mwenyewe ahakikishe."

Lakini hakuleta ujumbe peke yake. Kila Jumapili alirudi na chapati. Mzee hakuwa mtu wa maneno. Sijawahi kumsikia akimwambia mkewe neno tamu mbele za watu, na nadhani hata faraghani hakujaribu sana. Lakini kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikanda unga, akasukuma, akakunja, akasukuma tena, akapika chapati kumi na mbili zenye tabaka kama kurasa za kitabu, akazifunga kwa kitambaa cheupe, akaziweka ndani ya hotpoti. Naibu alipopanda gari, ile hotpoti ilipakatwa mapajani kama mtoto. Jumatatu alfajiri, kabla ya kugonga dirisha langu, alikunywa chai na chapati tatu, na mimi akaniletea mbili. Jumanne vilevile. Jumatano hotpoti ilikuwa tupu, tukawa tunakimbia na chai kavu, ama na kiazi kitamu kama kipo.

Unaona tayari, sivyo? Sisi hatukuona. Walimu wawili wenye vyeti, tunaofundisha watoto kuchunguza na kuandika matokeo, tulikula jibu kila Jumatatu na kujipangusa midomo. Na kwa nini tushuku chapati? Mimi nilikula, sikuwashwa. Naibu mwenyewe alikula nyingine Jumapili mchana, nne, tano, akakaa na mumewe kwenye kivuli cha nyumba, na hakuna kilichomwasha.

Kilichotufumbua macho nusura kimwondoe Naibu duniani.

Kanisa letu liliandaa matembezi ya Jumamosi, ya watu wote, wazee kwa watoto. Naibu alichaguliwa kuyaongoza. Kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo kidogo, aliapa mbele ya waumini kwamba wengine watatembea lakini yeye atakimbia, tena mwanzo hadi mwisho. Mzee alipanda kutoka Bungoma siku iliyotangulia ili amwone. Alfajiri aliamka akampikia chapati, akisema mtu hawezi kwenda safari kama hiyo tumbo tupu. Goti lilikuwa likimsumbua Naibu wiki hiyo, basi akameza na vidonge viwili vya maumivu.

Tulianza vizuri. Watu walipiga vigelegele. Nilikuwa kando yake, kama kawaida, na kabla hatujafika mbali nikamwona anapeleka mkono mgongoni. Hakuwa na rula siku hiyo. Aliona si heshima mbele ya kanisa.

"Unawashwa, Madam?"

"Kidogo."

"Tutembee."

"Wacha, bana. Watu wanaangalia."

Vinundu vilikuwa vimempanda shingoni. Nilimwambia tena tusimame, akaongeza mwendo. Alikuwa na kiburi hicho, na nikisema nilikuwa nakipenda, nisamehewe, maana siku zote kilikuwa kimeishia kwenye kicheko. Kisha akageuka kunitazama, na nikaona midomo yake imevimba, na jicho moja linafumba.

"Mwarimu," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, nzito, kama ya mtu anayezungumzia ndani ya mtungi. "Dunia inazunguka."

Akakaa chini barabarani. Halafu akalala.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka Mzee, ambaye alikuwa nyuma kabisa na wazee wenzake, akija mbio, yule mtu ambaye sijawahi kumwona akiharakisha hata mvua ikimnyeshea. Kofia ilimwanguka, hakuiokota. Pikapu iliyokuwa ikishusha vitunguu kutoka Suam ilisimama, dereva akasukuma magunia kando, tukampakia Naibu juu. Mzee alimshika kichwa njia nzima. Alikuwa akimwita kwa jina lake, lile la kwenye karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia.

Kwenye kituo cha afya tulimkuta tabibu kijana, mwembamba, ambaye hakupoteza muda kuuliza. Alimchoma sindano ya paja, akamwekea hewa na maji ya mshipani, akasimama hapo akihesabu pumzi zake. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama muhula, uvimbe ulianza kushuka, na Naibu akafumbua macho akauliza nani anaongoza matembezi.

Ndipo yule kijana alipovuta stuli.

"Mama, leo asubuhi umekula nini?"

"Chai. Na chapati."

"Chapati ngapi?"

"Mbili."

"Nne," alisema Mzee.

"Nne," alikubali Naibu. "Zilikuwa ndogo."

Mzee alitaka kupinga hilo pia, akajizuia.

"Na huu mwasho, umewahi kukupata ukiwa umekaa tu?"

"Aa-a. Ni kwa mbio."

"Umewahi kula chapati bila kukimbia, ukawashwa?"

"Mimi? Nimekula chapati maisha yangu yote."

"Sawa. Umewahi kukimbia bila chapati, ukawashwa?"

Naibu akanitazama mimi, nami nikamtazama, na nikaona Jumatano zote, Alhamisi zote, Ijumaa zote za miaka miwili zikimpita usoni kama watoto wanaoingia darasani.

"Woi," alisema polepole.

Yule kijana alitueleza kwa lugha rahisi, na baadaye daktari wa ngozi kule Eldoret alithibitisha baada ya vipimo. Chapati peke yake haikuwa na neno kwake. Mbio peke yake hazikuwa na neno. Lakini ngano ikiwa bado tumboni na mwili ukipashwa moto na mazoezi, vinapokutana vinazua vita. Na vile vidonge vya goti vilikuwa vimemwaga petroli juu ya moto. Akapewa masharti: asiguse ngano, iwe chapati, mkate ama mandazi, kwa saa sita kabla ya mazoezi. Mwasho ukianza, asimame palepale, asijikaze. Awe na tembe zake za kutuliza mwasho karibu. Midomo ikivimba ama kichwa kikizunguka, hospitali mara moja. Na asikimbie peke yake kamwe.

Naibu aliyapokea masharti yote kwa kutikisa kichwa. Nilipotazama upande wa Mzee, sikumkuta. Alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi, mikono yake mikubwa imening'inia katikati ya magoti. Unga ulikuwa bado umemganda kwenye kucha.

Jumapili iliyofuata Naibu alirudi kutoka Bungoma bila hotpoti. Iliyofuata vilevile. Mzee alikuwa ameacha. Kikaango alikipeleka stoo, kibao cha kusukumia akakigeuza cha kukatia mboga. Naibu alikimbia wiki nzima bila kuwashwa, na kila mtu alimpongeza. Lakini nilikuwa mtu wake wa kila alfajiri, na nilijua hakuwa sawa. Alikuwa ameacha kuzungumza akikimbia.

"Mzee hajambo?" nilimuuliza siku moja.

"Yuko. Ananipikia ugali na sukuma. Anakula, anaosha sahani, anaenda kulala." Tukapiga hatua kadhaa. "Mwarimu, mimi huyo mtu nilikuwa namsikia kwa hiyo chapati. Sasa ni kama redio imezimwa."

Miezi miwili ilipoisha, aliniambia tunaenda Bungoma wote wawili. Sikuuliza kufanya nini. Tulifika Jumamosi mchana, Mzee akatukaribisha, akatuletea maji ya kunawa. Kabla hajageuka kwenda jikoni, Naibu alitoa pakiti mbili za unga wa ngano kwenye mkoba, akaziweka mezani, pa, kama mtu anayeweka kadi ya mwisho.

"Mzee. Sukuma."

Mzee aliutazama ule unga kama umetoka matangani.

"Siwezi."

"Mkono unauma?"

"Mwarimu, nilikaribia kukuua." Naye alimwita mwarimu, maana ulimi ulikuwa ule ule. "Na hii mikono yangu."

"Wewe hukuniua. Wewe ulipika. Ni mimi nilikimbia."

"Kama singepika..."

"Na kama singekimbia? Mbona husemi hivyo? Ati kila kitu ni wewe. Hata kosa unataka uchukue peke yako." Sauti ilikuwa ya gwarideni, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Daktari hakusema nisile. Alisema nisile nikikimbia. Leo sikimbii. Leo nimekuja kukaa. Sasa sukuma, mimi nina njaa."

Mimi nilijifanya nasoma kalenda ya ukutani. Kisha nikasikia pakiti ikipasuliwa.

Alizipika. Alipomaliza alizileta mezani, akavuta kiti mbele ya mkewe, akakaa kumtazama akila, kila tonge. Naibu alipokula ya tatu, akataka kuinuka kwenda kunawa, Mzee alinyoosha mkono.

"Kaa hapo."

"Nanawa mikono."

"Kaa."

Akamletea karai na maji. Akamnawisha. Alipotaka kwenda kuangalia kama kuku wameingia, akaambiwa kuku wanajua njia. Alikalishwa pale mpaka jioni, kama malkia aliyefungwa, na kila akisogeza mguu Mzee aliinua uso. Nadhani ndiyo siku waliyozungumza zaidi, ingawa robo tatu ya mazungumzo ilikuwa neno "kaa."

Tangu hapo Naibu alifanya kukaa kuwe dini. Alichagua siku zake za chapati, na siku hizo hakuna aliyeweza kumwinua. Wageni aliwasindikiza kwa macho. Kanisani, wakati wa kucheza kuelekea kwenye sadaka, alibaki kwenye benchi, akampa jirani bahasha. Mchungaji alipomuuliza kama ana jambo moyoni, alijibu liko tumboni. Mimi nilimshuku kidogo. Nilianza kuona kwamba siku za chapati zilikuwa zikiangukia siku za vikao vya wazazi na siku za kulima bustani ya shule. Nilimwambia. Akasema, "Afya si mchezo, mwarimu," akasukuma jembe kwa kidole cha mguu likaja upande wangu.

Lakini siku ya fahali sikumshuku. Tulikuwa soko la Chwele, likizo, tumetoka kwao kula chakula cha mchana ambacho kilikuwa cha kukaa. Upande wa mifugo fahali mmoja alikata kamba, akaja kati ya wauza nyanya, kichwa chini. Watu walitawanyika kama mtama uliomwagika. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanda juu ya mkokoteni nilipogeuka kumtafuta Naibu. Alikuwa akitembea. Taratibu kabisa, mkoba kwapani, kama anavyoingia kanisani, na fahali nyuma yake hatua ishirini.

"Kimbia, Madam!"

"Nimekula chapati!" alijibu, bila kugeuka.

Fahali alimfikia, akasimama. Labda hakuwahi kuona mtu asiyemkimbia. Alimnusa mkoba. Naibu alimwambia kitu kwa Kibukusu, sauti ya chini, ambacho hakutaka kunitafsiria kamwe, na yule mnyama akageuka akaenda kula kabichi za watu. Alipofika kwenye mkokoteni wangu aliegemea gurudumu. Nilimuuliza kama hakuogopa.

"Nimeogopa sana," alisema. "Lakini huyo ninaweza kuongea naye. Hiyo ingine haisikii mtu."

Alistaafu, akahamia Bungoma moja kwa moja. Nilibaki Kitale na njia yetu, na nikiri hapa kwamba bila mtu wa kugonga dirisha niliiacha baada ya wiki tatu.

Mwaka jana nilitumwa Bungoma kwa semina ya siku mbili, nikalala kwao. Nilikuta amekonda kidogo, nywele zimekuwa nyeupe, ila mdomo ni ule ule. Aliniambia bado anakimbia kila asubuhi, barabara ya vumbi ipitayo kwenye mashamba ya miwa. Nilimuuliza ni nani anamsindikiza siku hizi, kwa kuwa masharti nilikuwa nayakumbuka.

"Niko peke yangu," alisema. "Nimezoea."

Nilishtuka, nikataka kumgombeza, lakini ukishakuwa mwalimu mdogo wa mtu hukui. Nikasema kesho twende wote.

Alfajiri tulitoka. Baridi ilikuwa kidogo, umande umeshikilia majani ya miwa. Naibu alikimbia akinipa ripoti za kijiji kizima, nami nikahema kama zamani, zaidi ya zamani. Tulipofika kama nusu kilomita nikasikia nyuma yetu kitu kinalia, kwii, kwii, mnyororo usiotiwa mafuta. Nikataka kugeuka.

"Usigeuke," Naibu alininong'oneza.

"Ni nani?"

"Mzee. Na baiskeli yake."

"Anaenda wapi saa hizi?"

"Anaenda kununua maziwa." Alisema hivyo bila kupunguza mwendo, uso mbele. "Kila siku nikitoka, naye anakumbuka maziwa."

Nilifikiri kidogo. Jana yake jioni nilikuwa nimesimama kwenye zizi lao.

"Lakini Madam, si mko na ng'ombe?"

"Tuko nao wawili. Na wote wanakamuliwa." Akatabasamu, lakini kwa barabara, si kwangu. "Amebeba tembe zangu kwa mfuko wa koti. Na simu. Anafikiri sijui."

Mbele yetu barabara ilianza kupanda. Kwii, kwii ikazidi kuwa nzito nyuma, ikapungua, ikakatika. Naibu naye akapunguza mwendo, akaanza kutembea. Nikaingiwa na wasiwasi.

"Unawashwa?"

"Siwashwi."

"Umechoka?"

Alisimama kando ya barabara, akainama, akaifungua kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa, akaanza kuifunga upya, polepole, mpaka tuliposikia mnyororo ukilia tena nyuma yetu.